Ruzuku Imeingia, Isimamie: Mwongozo kwa Kamati za Maliasili na Vikundi vya Uhifadhi

Siku ruzuku inapoingia benki, habari hufika kijijini kabla mweka hazina hajarudi kutoka mjini. Mmoja atauliza posho zinaanza lini. Mwingine atauliza boti itanunuliwa kwa nani. Na hakosi mzee wa kuuliza kama msitu wenyewe nao utapata chochote.

Mwongozo huu ni wako wewe ambaye maswali hayo yatakuangukia: mwenyekiti, katibu au mweka hazina wa kamati ya maliasili ya kijiji, wa BMU inayosimamia mwalo, wa jumuiya ya hifadhi ya wanyamapori au ya watumia maji. Mifano mingi ni ya Tanzania, lakini aliyeko katika chama cha jamii cha kuhifadhi msitu kule Kenya ataikuta kazi ni ileile.

Yote yatakayofuata yana msingi mmoja: hesabu za mradi ziwe tayari kusomwa mbele ya mkutano mkuu wa kijiji siku yoyote. Kamati inayoweza kusimama mbele ya wanakijiji na kueleza kila shilingi haitababaika mbele ya mkaguzi wa mfadhili. Iko miradi ambayo taarifa zake kwa mfadhili zimeandikwa vizuri mno, na kijiji hakijui hata kiasi kilichoingia. Hiyo hufa siku gari la mfadhili linapoacha kuja.

Anza na tatizo, fomu baadaye

Wafadhili wapo. Mfuko wa Misitu Tanzania, ulioundwa chini ya Sheria ya Misitu ya 2002, hutoa ruzuku kwa vijiji na vikundi. Mfuko wa Hifadhi ya Milima ya Tao la Mashariki, ulioanzishwa 2001 na wenye makao yake Morogoro, hufanya kazi na jamii zinazopakana na misitu ya milima hiyo, kuanzia Upare hadi Udzungwa. Mpango wa Ruzuku Ndogo wa GEF, unaotekelezwa kupitia UNDP, umekuwapo tangu 1992, na kwa miaka mingi ukomo wa ruzuku yake ya kawaida kwa kikundi ulikuwa dola 50,000 za Marekani. Kila mmoja ana fomu yake na vipaumbele vyake, na hapo ndipo vikundi vingi hupotea: husoma kwanza mfadhili anataka nini, kisha hutafuta tatizo la kufanana nalo.

Kaeni kwanza na watu wanaouishi msitu au bahari: wavuvi, wachoma mkaa, wafugaji, kina mama wanaokata kuni au kuokota chaza. Ulizeni ni nini kinaharibika, wapi, msimu gani, na nani ananufaika na uharibifu huo. Kama juya linavutwa usiku, doria ya mchana haitasaidia kitu hata ikifadhiliwa kwa mamilioni. Kama mkaa unachomwa na vijana wa kijiji jirani, mnahitaji kikao cha vijiji viwili kabla ya kununua sare za walinzi.

Kisha kagueni msimamo wenu kisheria. Msitu wa kijiji uwe ndani ya mipaka inayotambuliwa, uwe umetengwa katika mpango wa matumizi ya ardhi, uwe na mpango wa usimamizi, na uwe na sheria ndogo zilizopitishwa na mkutano mkuu na kuidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Mlinzi anayemkamata mtu bila sheria ndogo hana kifungu cha kumtoza faini, na kesi ya kwanza mtakayoshindwa itawavunja moyo walinzi wote. Kama mpaka una mgogoro, andikeni hivyo kwenye andiko la mradi na kuutatua kuwe shughuli ya kwanza. Mgogoro wa mpaka uliofichwa huibuka katikati ya mradi, fedha zikiwa zimeshatumika.

Usitie saini usichokielewa

Mikataba mingi ya ruzuku huja kwa Kiingereza, na kamati nyingi huisaini kwa furaha ya siku ile. Omba tafsiri ya Kiswahili. Ikikosekana, mwombe mwalimu au afisa misitu wa wilaya akae na kamati nzima na kuupitia kifungu kwa kifungu. Mambo haya yaandikwe kwenye karatasi moja na kubandikwa ofisini:

- Tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Matumizi yaliyofanyika kabla au baada ya tarehe hizo kwa kawaida hayakubaliwi.
- Awamu za malipo, na taarifa inayotakiwa kabla ya kila awamu kutolewa.
- Kiasi mnachoruhusiwa kuhamisha kutoka kasma moja kwenda nyingine bila kuomba kibali. Mara nyingi ni asilimia 10, lakini someni wenu.
- Mchango wa jamii. Ukiahidi nguvu kazi, ihesabiwe na iandikwe kila siku inapotolewa.
- Boti, pikipiki na vifaa vitakuwa mali ya nani mradi ukiisha.
- Nyaraka zitunzwe miaka mingapi.
- Ruzuku ikija kwa fedha za kigeni, nani atabeba hasara ya mabadiliko ya thamani.

Kifungu kisichotekelezeka kijijini kijadilini kabla ya kusaini. Mfadhili anayetaka risiti ya mashine ya EFD kwa kila ununuzi aelezwe mapema kwamba mama anayewapikia walinzi hana mashine hiyo. Wengi watakubali hati ya kukiri kupokea fedha yenye jina, namba ya simu, na sahihi au dole gumba. Lakini makubaliano hayo yawe kwenye maandishi.

Tenganisha mikono

Ruzuku iwe na akaunti yake ya benki. Ikichanganywa na michango ya zahanati na faini za msitu, hakuna atakayejua baada ya miezi sita ipi ni ipi. Watia saini wawe kutoka makundi mawili tofauti, na wasiwe ndugu. Anayeandaa malipo asiwe ndiye anayeyaidhinisha, na anayeidhinisha asiwe ndiye anayekwenda kununua. Katika kamati ndogo hili huonekana kama usumbufu, lakini linawalinda watu waaminifu kuliko mtu mwingine yeyote: maneno yakizuka, mweka hazina atakuwa na ushahidi kwamba hakuwahi kushika fedha peke yake.

Hundi isisainiwe ikiwa tupu, hata kama mtia saini anasafiri. Malipo ya simu yapitie laini iliyosajiliwa kwa ajili ya kikundi, kamwe isiwe laini ya mtu binafsi, na taarifa ya miamala ichapishwe kila mwezi. Makato ya kutuma na kutoa yawekwe kwenye bajeti. Yasipowekwa, mtu atayalipa mfukoni, na anayelipa mfukoni mwisho wake atajirudishia kimyakimya.

Kila mwisho wa mwezi linganisheni daftari la fedha na taarifa ya benki. Tofauti ya shilingi 2,000 iliyoonekana Machi hutafutwa kwa dakika chache. Ikiachwa hadi Desemba, itakuwa imezaa tofauti nyingine ambazo hakuna anayekumbuka chanzo chake.

Bajeti ya kazi halisi

Tuseme BMU inapanga doria nne kwa mwezi. Kila safari ina walinzi sita wa posho ya shilingi 10,000, petroli lita 25 kwa shilingi 3,000 na oili ya kuchanganya ya shilingi 5,000. Safari moja inagharimu 60,000 za posho, 75,000 za petroli na 5,000 za oili, jumla 140,000. Kwa mwezi ni 560,000, na kwa mwaka ni 6,720,000.

Wengi huishia hapo, na ndiyo sababu boti nyingi za doria zimelala mchangani. Injini inahitaji plagi, propela na fundi. Betri ya GPS huisha. Jaketi za uokozi huchakaa. Kesi ikienda mahakamani, walinzi wawili wanahitaji nauli ya kwenda wilayani kutoa ushahidi, pengine zaidi ya mara moja, maana kesi huahirishwa. Wekeni kasma ya matengenezo na kasma ya kufuatilia kesi. Zingatieni majira pia: Juni na Julai, kusi likivuma, bahari ya nje haiendeki kila siku. Kuahidi doria nne kila mwezi mwaka mzima ni kuahidi msichoweza, au kuwasukuma walinzi baharini siku isiyofaa. Andikeni doria mbili kwa miezi hiyo na sita kwa miezi ya maji matulivu.

Masurufu na karatasi zake

Fedha nyingi za miradi ya kijiji hazipotei kwa wizi mkubwa. Hupotea kwenye masurufu yasiyorejeshwa. Tufuate safari moja ya doria hadi mwisho.

Kiongozi wa doria anajaza ombi la shilingi 140,000, akitaja tarehe, eneo na majina ya walinzi sita. Mwenyekiti anaidhinisha. Mweka hazina anaandika hati ya malipo yenye namba na kiongozi anasaini kupokea. Usiku ule mlinzi mmoja anaumwa, wanakwenda watano. Bahari ni shwari, petroli iliyonunuliwa ni lita 22. Kesho yake kiongozi analeta orodha ya walipwaji yenye sahihi tano, yaani 50,000. Risiti ya petroli ya 66,000. Na risiti ya oili ya 5,000. Jumla ni 121,000. Anarudisha 19,000 na kupewa stakabadhi. Anaambatanisha ripoti ya ukurasa mmoja: waliondoka saa ngapi, walipita wapi, walikuta nini, nyavu gani zilikamatwa na kukabidhiwa kwa nani. Katibu anaangalia daftari la injini kuona kama saa za safari zinaendana na lita 22.

Karatasi hizo zinabanwa pamoja na kuwekwa kwenye faili kwa namba ya hati ya malipo. Miaka mitatu baadaye, mtu ambaye hakuwapo anaweza kuisoma safari ile kuanzia ombi hadi stakabadhi.

Ile 19,000 ndiyo kipimo cha kikundi. Kikundi ambacho kila masurufu yake hutumika kamili hadi shilingi ya mwisho kitamtia shaka mkaguzi yeyote aliyezoea kazi yake. Wekeni sheria mbili zisizo na msamaha: marejesho yafanyike ndani ya siku saba, na asiyerejesha asipewe masurufu mengine, awe nani.

Jambo dogo lenye madhara makubwa: maandishi ya risiti za EFD hufifia, na ukiziacha kwenye joto la bati zitabaki karatasi nyeupe kabla ya ukaguzi. Zitoleeni nakala wiki hiyohiyo, mwandike namba ya hati ya malipo kwenye nakala, na mbili hizo zikae pamoja.

Kununua na kutunza

Kwa kitu kikubwa, kama mizinga ya nyuki au injini, tafuteni ankara kifani kutoka kwa wauzaji watatu, na kamati ya manunuzi iandike kwa nini imemchagua huyu. Bei ya chini peke yake haitoshi: mzinga wa mbao mbichi hupinda na kuachia mianya, na nyuki wataukimbia. Mjumbe mwenye undugu na muuzaji aseme mapema na atoke kwenye kikao. Muhtasari uandike kwamba alitoka.

Bidhaa zikifika, zihesabiwe na kukaguliwa na watu wawili ambao hawakununua. Kila kifaa kiingizwe kwenye daftari la mali: namba ya injini au fremu, tarehe, bei, kilipo, na anayekitunza. Pikipiki iwe na daftari la safari. Pikipiki ya doria inayoonekana gulioni imebeba magunia itaharibu sifa ya mradi kwa haraka kuliko mkaguzi yeyote.

Pimeni kilichobaki hai

Chukueni mikoko. Taarifa nyingi hujivunia miche iliyopandwa: elfu tano, elfu kumi. Idadi hiyo inaeleza kazi ya siku moja. Kinachotakiwa ni miche iliyo hai baada ya miezi 12, na idadi hiyo hutegemea maamuzi yaliyofanyika kabla ya siku ya kupanda.

Vikundi hupenda kupanda mkoko wenyewe kwa sababu mbegu zake ndefu ni rahisi kuokota na kuchomeka topeni. Lakini kila aina ina mahali pake. Mlilana husimama mbele kuelekea bahari, mkoko hupenda tope la katikati na kingo za vijito, mkandaa hukaa nyuma zaidi, na mchu huvumilia ardhi ya chumvi kali. Ukipanda mkoko kwenye tope tupu la mbele ambako mikoko haijawahi kuota, mawimbi yataing'oa miche na chaza watang'ang'ania mashina machanga. Waulizeni wazee pale palikuwa na mti gani na uliondoka kwa nini. Pengine njia ya maji iliziba, na kuizibua kutarudisha miti inayoota yenyewe kwa gharama ndogo kuliko kitalu.

Kwa hiyo kabla ya kazi kuanza, chukueni takwimu za awali. Tengeni vipande vichache vya kudumu, hesabuni miche iliyo hai kila baada ya miezi mitatu, na pigeni picha mkiwa mmesimama palepale kila mara. Kwa msitu wa nchi kavu hesabuni visiki vibichi kwenye njia ileile. Kwa kufunga eneo la pweza, pimeni uzito wa pweza siku ya kufungua. Viashiria viwili au vitatu mnavyoweza kuvipima wenyewe vina faida kuliko 15 vilivyoandikwa na mshauri aliyekwisha kuondoka.

Taarifa na habari mbaya

Taarifa ya utekelezaji iandikwe kila mwezi kwa ukurasa mmoja hata kama mfadhili anaitaka kila robo mwaka. Iseme mliahidi nini, mmefanya nini, nini hakikufanyika na kwa nini, kila kasma imetumika kiasi gani, na mwezi ujao mtafanya nini. Mkiandika hivi, taarifa ya robo mwaka itakuwa ni kuunganisha kurasa tatu.

Habari mbaya ziende mapema. Injini ikiibwa, toeni taarifa polisi, itisheni kikao cha dharura, na mwandikieni mfadhili wiki hiyohiyo mkiambatanisha namba ya taarifa ya polisi na muhtasari. Bei ya petroli ikipanda, ombeni kibali cha kurekebisha bajeti kabla kasma haijakauka. Wafadhili wengi huvumilia msiba wa mradi. Wasichovumilia ni kuugundua wenyewe.

Kuna shinikizo jingine ambalo miongozo mingi hulikwepa. Kiongozi atakuja kuazima: kuna ugeni, kuna sherehe, kuna mafuta ya gari, itarudishwa kesho. Mjibu kwa heshima na bila kuyumba: "Mheshimiwa, fedha hizi zina mkataba. Naomba ombi lako lije kwa maandishi, halmashauri ya kijiji ilijadili na mfadhili aulizwe." Wengi hawataandika. Atakayeandika atajibiwa kwa maandishi, na mzigo hautakuwa wa mweka hazina peke yake.

Wasomeeni wenye mali

Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1982 inautaka mkutano mkuu wa kijiji ukutane kila baada ya miezi mitatu. Chukueni nafasi katika kila mkutano. Someni kiasi kilichoingia, kilichotumika, kilichobaki, na kazi iliyofanyika. Someni kwa sauti na polepole, kwa shilingi, bila maneno ya kiofisi. Bandikeni karatasi hiyo kwenye ubao wa matangazo na dukani ambako watu hukaa jioni. Leteni faili la hati mezani ili anayetaka afungue mwenyewe. Swali kali likiulizwa, liandikwe kwenye muhtasari pamoja na jibu lake. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari ambalo wenye mali hawajasomewa halitofautiani sana na lisilokuwapo.

Mkutano huo ndio pia mahali pa kuzungumza juu ya siku ambayo ruzuku itakwisha. Ulizeni mwaka wa kwanza: mwezi baada ya mradi kufungwa, petroli italipwa na nani? Wako waliolijibu swali hilo. Katika Ghuba ya Gazi, Kaunti ya Kwale, mradi wa Mikoko Pamoja umekuwa ukiuza hewa ya ukaa tangu 2013 kutokana na hekta 117 za mikoko, na wakazi wa Gazi na Makongeni huamua kwenye baraza mapato yaende wapi. Maji na shule ni miongoni mwa waliyochagua. Wilayani Kilwa, vijiji vilivyosaidiwa na shirika la MCDI vilipata mwaka 2009 cheti cha kimataifa cha FSC cha usimamizi bora wa misitu, vikavuna mpingo na miti mingine kwa mpango, na sehemu ya mapato ikarudi kulinda msitu uleule. Si kila kijiji kina mpingo au mikoko ya kuuza. Lakini faini, ushuru wa mazao ya misitu, asali na ada za wageni vinaweza kugharimia doria mbili kwa mwezi, kama mkutano mkuu umekubali sehemu maalumu itengwe na kuandikwa kwenye sheria ndogo.

Kabla ya mkutano ujao wa kijiji, wewe na wenzako fungueni faili la mradi kuanzia hati ya malipo namba 1. Zipitieni zote mkijiuliza kama mko tayari kuisoma kila moja hadharani. Mtakayosita kuisoma, irekebisheni sasa, na msiombe ruzuku nyingine kabla ya kuimaliza.